Ely Culbertson: Mcheza karata aliyewafundisha mamilioni kuzungumza na mwenza

KATIKA vijiwe vya mji wa Bariadi, kama ilivyo katika vijiwe vingi vya Tanzania, karata hazihitaji utambulisho. Kopa, uru, pau na shupaza ni majina yaliyoingia katika Kiswahili kutoka kwa Wareno, na neno turufu nalo lilikuja kwa njia hiyo hiyo. Kijana aliyezoea kukata kwa turufu na kuzikumbuka karata zilizokwisha kutoka tayari anayo nusu ya elimu inayotakiwa katika mchezo uitwao briji, unaochezwa na watu 4 walio wawili wawili, kila mmoja akigawiwa karata 13.

Nusu iliyobaki ndiyo ngumu. Kabla ya karata ya kwanza kutupwa hufanyika mnada. Kila mchezaji kwa zamu yake hutamka upande wake utakula mizunguko mingapi na turufu iwe ipi. Anayetaja kopa moja ameahidi mizunguko 7 kati ya 13. Kwa matamko hayo machache ndiyo humweleza mwenzake aliyeketi ng'ambo ya meza ni karata gani anazo mkononi. Kukonyeza, kukohoa au kugusa sikio ni wizi.

Kwa miaka mingi mchezo huo ulimtaka mtu apate wenzake 3 wanaoujua, jambo lisilo rahisi Bariadi, Maswa wala Meatu. Mtandao wa intaneti ulikiondoa kikwazo hicho. Ukumbi wa Bridge Base Online, uliofunguliwa mwaka 2001, humwezesha mwenye simu kuketi meza moja na watu wa mabara mengine, na viti vikiwa vitupu programu ya kompyuta huvijaza. Lakini mgeni anapoketi tu na mwenza asiyemjua, swali la kwanza analokutana nalo si la jina wala la nchi. Huulizwa anatumia mfumo gani, maana yake matamko yake katika mnada yana tafsiri ipi.

Aliyelifanya swali hilo kuwa la mamilioni ya watu alikuwa Ely Culbertson, mtu aliyeishi na kufa kabla kompyuta haijaingia majumbani.

Culbertson alizaliwa Julai 22, 1891 nchini Romania. Baba yake alikuwa mhandisi wa madini, raia wa Marekani, aliyejipatia mali katika visima vya mafuta vya Urusi. Mama yake alitoka katika jamii ya Cossack. Alikulia katika milima ya Kaukasi akizungumza lugha kadhaa, na ujana wake aliuingiza katika siasa za mapinduzi dhidi ya utawala wa Tsar. Kwa simulizi yake mwenyewe, siasa hizo zilimfikisha gerezani, na huko gerezani ndiko karata zilikomkolea. Msomaji hana budi kukumbuka kwamba Culbertson alikuwa msimuliaji asiyebana chumvi, na kitabu cha maisha yake alichokitoa mwaka 1940 kinasomeka kama riwaya.

Lisilo na shaka ni kwamba mapinduzi ya mwaka 1917 yaliifilisi familia yake. Mtoto wa tajiri alijikuta Paris akiishi kwa kile alichokula mezani, na mwaka 1921 alifika New York akiwa hana kitu zaidi ya ujuzi wa karata na ulimi mwepesi.

Huko alikutana na Josephine Dillon, mjane kijana aliyekuwa akifundisha briji na kuheshimika kwa kazi hiyo. Yeye alikuwa na wanafunzi na jina jema. Culbertson alikuwa na nadharia na madeni. Walioana mwaka 1923. Ni vigumu kueleza mafanikio ya mume bila kuanza na utulivu wa mke, kwani Culbertson alicheza kwa jazba na mara nyingine kwa kujionyesha, ilhali Josephine alicheza bila kutetereka, na wengi walimhesabu kuwa mwanamke wa kwanza kushindana na wanaume wa daraja la juu wakiwa sawa kwa sawa.

Bahati yao ilitoka baharini. Mwaka 1925, akiwa safarini kwa meli kupitia Mfereji wa Panama, tajiri Harold Vanderbilt aliubadili mchezo wa briji uliokuwapo. Katika kanuni zake mpya, mizunguko iliyoahidiwa katika mnada ndiyo pekee iliyohesabiwa kumfikisha mtu kwenye ushindi. Aliyekula 10 lakini akawa ameahidi 8 aliambulia kidogo. Ghafla mnada, uliokuwa utangulizi, ukawa kiini cha mchezo.

Mabingwa wa zamani waliyapokea mabadiliko hayo kwa kunung'unika. Culbertson aliona jambo ambalo wao hawakuliona: kwamba kwa siku moja watu wote, wakubwa kwa wadogo, walikuwa wamegeuka kuwa wanafunzi wa darasa la kwanza. Nao walihitaji mwalimu.

Alianza na jarida, Bridge World, lililotoka Oktoba 1929, mwezi ule ule soko la hisa la New York lilipoporomoka. Mfanyabiashara mwingine angefunga virago. Lakini watu waliokosa fedha za kwenda kwenye kumbi za starehe walibaki nyumbani, na seti moja ya karata ilitosha kuwaburudisha majirani wanne usiku kucha. Mwaka 1930 alitoa kitabu cha mfumo wake, na mwaka huo huo akavuka bahari kwenda London na Josephine, Theodore Lightner na Waldemar von Zedtwitz, wakaishinda timu ya Waingereza iliyoongozwa na Kanali Walter Buller, mtu aliyeamini kwamba mifumo ni upuuzi na akili ya kawaida inatosha. Ushindi huo ukawa tangazo la kitabu.

Mfumo wenyewe, ukivuliwa mbwembwe, ulikuwa na msingi mwepesi. Wenza wasikimbilie tamko kubwa kwa kubahatisha. Waanze chini, kila mmoja ataje aina ya karata alizo nazo kwa wingi, wapande hatua kwa hatua hadi wajue walipo. Yapo matamko yanayomtaka mwenza asinyamaze, naye hata kama mkono wake ni mbovu atajibu. Mnada ukawa mazungumzo yenye sarufi, na sarufi hiyo iliuzwa kwa vitabu, kwa redio, kwa safu za magazeti na kwa walimu waliofuata mtaala wake.

Hakuchagua sana njia za kujitangaza. Mwaka 1929 katika mji wa Kansas City, Myrtle Bennett alimpiga risasi na kumuua mumewe, John, baada ya ugomvi uliozuka walipokuwa wakicheza briji na jirani zao, mume akiwa ameshindwa kutimiza ahadi ya shupaza 4. Mahakama ilimwachia huru mwaka 1931. Culbertson aliligeuza janga hilo kuwa hoja ya kuunadi mfumo wake: wenza wanaoelewana mezani hawafiki huko. Haikuwa adabu, lakini magazeti yalichapisha na watu walisoma.

Mwaka 1931 mabingwa 12 waliungana dhidi yake na kutangaza mfumo wao walioupa hadhi ya kuwa rasmi. Culbertson alijibu kwa changamoto. Aliweka dola 5,000 dhidi ya dola 1,000 za Sidney Lenz, mmoja wa wakongwe hao, kwamba katika michezo 150 yeye na Josephine wangemshinda Lenz na mwenza yeyote atakayemchagua. Lenz alimchagua kijana Oswald Jacoby.

Pambano lilianza Desemba 7, 1931 katika Hoteli ya Chatham, New York, na baadaye likahamia Waldorf-Astoria. Waandishi wa habari walituma taarifa za kila usiku kana kwamba ni vita. Mwamuzi mkuu alikuwa afisa kijana wa jeshi, Alfred Gruenther, ambaye miaka zaidi ya 20 baadaye alikuwa Kamanda Mkuu wa majeshi ya NATO barani Ulaya. Culbertson alichelewa makusudi, akala chakula mezani, akafikiri kwa muda mrefu hadi Lenz akapandwa na hasira. Kisha likatokea lile ambalo Culbertson alikuwa akilihubiri: Lenz na Jacoby waligombana wenyewe kwa wenyewe, Jacoby akajitoa, na nafasi yake ikachukuliwa na mtu mwingine. Josephine kwa upande wake aliketi kwa utulivu ule ule. Januari 8, 1932 hesabu ilipofungwa, Culbertson alikuwa mbele kwa pointi 8,980.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya neema: vitabu, filamu fupi, karata za plastiki, safari. Lakini nyumbani mambo hayakuwa hivyo. Mwaka 1937 katika mashindano ya dunia mjini Budapest, timu ya Culbertson ilishindwa na Waaustria waliokuwa chini ya Dk. Paul Stern, na baada ya hapo hakurudi tena kwa uzito katika mashindano. Mwaka 1938 yeye na Josephine walitalikiana. Waliendelea kushirikiana katika biashara, jambo linaloeleza mengi: mfumo waliokuwa wameujenga pamoja ulidumu kuliko ndoa.

Aliyebaki alikuwa mtu mwingine kabisa. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, Culbertson aliziacha karata akajitosa katika kuandika mpango wa shirikisho la dunia, ambamo mataifa yangechangia askari kwa mgawo maalumu ili pasiwe na taifa moja lenye nguvu ya kuyashambulia mengine. Alitumia fedha zake na miaka yake, akaenda hata mbele ya Bunge la Marekani. Wanasiasa walimsikiliza kwa heshima, ila hawakusahau kwamba ni mcheza karata. Umoja wa Mataifa ulipoundwa mwaka 1945 haukufuata ramani yake.

Wakati akihangaikia amani, kiti chake mezani kilichukuliwa. Charles Goren alieneza njia nyepesi ya kupima mkono, iliyokuwa imependekezwa kabla yake na Milton Work: ree, karata kubwa kuliko zote, ipewe pointi 4, mfalme 3, malkia 2 na jeki 1. Culbertson alikuwa akipima kwa hesabu ya vipande na nusu vipande, iliyomchosha mwanafunzi. Ndiyo maana anayejisajili leo akiwa Bariadi hufundishwa kuhesabu kwa njia ya Goren, na kwa kawaida huambiwa asubiri pointi 12 au 13 kabla ya kufungua mnada. Lakini namna anavyopanda polepole pamoja na mwenza, na lile tamko linalomkataza mwenza kunyamaza, ni mambo aliyoyaeneza Culbertson. Hata adabu ya ukumbi wa mtandaoni, ambako kuondoka mezani katikati ya mchezo huhesabiwa dhambi kuliko kucheza vibaya, ina harufu ya mafundisho yake.

Culbertson alifariki Desemba 27, 1955 mjini Brattleboro, jimbo la Vermont, akiwa na umri wa miaka 64. Josephine alimfuata Machi 23, 1956, kabla ya miezi 3 kutimia.

Mwaka 1964 jarida alilolianzisha lilipoorodhesha magwiji wa kwanza wa kuenziwa katika briji, walichaguliwa watu 3: Goren, Vanderbilt na Culbertson. Jina la Josephine liliingizwa katika orodha ya magwiji mwaka 1996.