John von Neumann: Mwanahisabati aliyeziwekea msingi kompyuta za leo

Watafiti wa kompyuta za kwanta na wa akili mnemba hii leo wanajenga juu ya msingi wa mtu mmoja aliyefariki dunia mwaka 1957, akiwa na umri wa miaka 53: John von Neumann.

Alizaliwa tarehe 28 Desemba 1903 mjini Budapest, Hungary, katika familia ya Kiyahudi yenye ukwasi. Mwaka 1932 alichapisha kitabu kilichoipa fizikia ya kwanta, yaani elimu ya mwenendo wa chembe ndogo kabisa, msingi madhubuti wa kihisabati. Msingi huo ungali unatumiwa na wanaobuni kompyuta za kwanta.

Wakati huo alikwishahamia Princeton, Marekani, na mwaka 1937 akapata uraia wa nchi hiyo. Vita Kuu ya Pili ilimwingiza katika mradi wa siri wa bomu la atomiki, ambao sehemu kubwa ya urani yake ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, katika Kongo ya Wabelgiji. Hesabu zake zilisaidia kuunda bomu lililoangushwa Nagasaki mwezi Agosti 1945.

Hesabu za namna hiyo ziliwashinda wanadamu kwa wingi wake. Mashine ya ENIAC, iliyokuwa ikiundwa Pennsylvania, ilikuwa ya kasi, lakini kuibadilishia kazi kulihitaji kuziunganisha upya nyaya zake. Mwezi Juni 1945, von Neumann alieleza katika ripoti mashine inayohifadhi maagizo na takwimu katika kumbukumbu moja. Kompyuta nyingi hadi leo hufuata mpango huo.

Ripoti hiyo ilibeba jina lake peke yake, ingawa J. Presper Eckert na John Mauchly, wabunifu wa ENIAC, walikuwa na mchango wao. Walinung'unika, na hataza waliyoitarajia wakaikosa, kwa kuwa wazo lilikwisha kusambaa. Hivyo likawa mali ya wote.

Mashine aliyoijenga Princeton ilikokotoa bomu la haidrojeni, na pia utabiri wa hali ya hewa.

Mwaka 1955 aligunduliwa kuwa na saratani. Akiwa mgonjwa aliandika mihadhara inayolinganisha kompyuta na ubongo wa binadamu, lakini hakuwahi kuitoa. Ilichapishwa mwaka 1958 bila kukamilika, na swali alilolianza bado linawashughulisha watafiti wa akili mnemba.