Nukta Sita za Louis Braille

Nilipozuru shule ya wasioona ya St. Lucy, huko Igoji, Meru, kwenye mitelemko ya Mlima Kenya, nilipewa kitabu nikakipapasa. Kidole hiki kilichofuata aya chuoni tangu utotoni hakikutambua hata herufi moja!

Ndipo nikamkumbuka mwenye hati hiyo, Louis Braille. Alizaliwa Coupvray, Ufaransa, mwaka 1809, mwana wa fundi wa matandiko ya farasi. Akiwa na miaka 3 alijichoma jicho kwa chuma cha babake cha kutobolea ngozi. Maradhi yakahamia jicho la pili, akapofuka.

Shuleni Paris alikuta vitabu vya herufi kubwa zilizoinuliwa, vizito kubeba, wala kipofu hakuweza kuviandika mwenyewe. Charles Barbier, mwanajeshi, alikuwa amebuni maandishi ya nukta 12. Kijana Louis, naye ana miaka 15, akazifanya 6, zienee chini ya ncha ya kidole. Na ajabu ya Mola, hutobolewa kwa chuma chenye ncha, nduguye yule aliyempofua.

Wenye macho wakaikataa hati yake. Shuleni ikapigwa marufuku, wanafunzi wakaisoma kwa siri. Kifua kikuu kilimwua mwaka 1852. Ufaransa ikaikubali rasmi mwaka 1854.

Leo hata Msahafu husomwa kwa nukta zizo hizo, ila mkono huanzia kushoto.