Madison: aliyejua binadamu si malaika

Kila msimu wa siasa barza yetu huuliza swali lile lile: tutampata wapi kiongozi mwaminifu? Mimi huwasimulia wenzangu habari za James Madison, kwani yeye aliuliza jingine: asipokuwa mwaminifu, tutafanyaje?

Alizaliwa Virginia, Marekani, mwaka 1751, katika familia ya mashamba na watumwa. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ndogo na afya dhaifu. Nguvu zake zilikuwa vitabuni. Alimsoma Montesquieu, Mfaransa aliyefundisha kwamba kutunga sheria, kutawala na kuhukumu kusiwe mikononi mwa mtu mmoja. Katika mkutano wa Philadelphia wa 1787, Madison alishughulika kuliko wengi kuliingiza wazo hilo katika katiba. Hakutarajia viongozi wawe malaika. Alitaka tamaa ya mmoja izuiwe na tamaa ya mwenziwe. Baadaye alisimamia bungeni marekebisho yaliyolinda haki za raia, ikiwemo ya kuabudu. Akawa rais wa nne, kuanzia 1809 hadi 1817.

Lakini hakuna mkamilifu ila Mola. Mwaka 1783, mtumwa wake aitwaye Billey alikuwa naye Philadelphia, mji uliojaa maneno ya uhuru. Madison aliona hafai tena kurudishwa Virginia, asije akawaambukiza wenzake. Alimwandikia babake akikiri kwamba kosa la Billey ni kutamani uhuru ule ule ambao wao wenyewe waliumwagia damu. Hata hivyo hakumwachilia. Alimuuza kwa utumishi wa miaka saba. Na alipofariki mwaka 1836, wasia wake haukumpa uhuru mtumwa hata mmoja.

Simcheki. Pwani yetu nayo ilikuwa na watumwa, na nyani haoni kundule. Ninachojifunza ni kwamba mizani yake ilimlinda mwenye nguvu dhidi ya mwenye nguvu mwenzake. Asiyekuwa na kura wala kiti hakupimwa humo kabisa.

Katiba yetu ya 2010 imegawa madaraka pia: Bunge, mahakama, kaunti. Ni neema. Basi barzani tusiishie kuuliza nani mwaminifu. Tuulize nani atamchunga, na nani hakuitwa mkekani tulipokuwa tukigawana. Mara nyingi huyo asiyeitwa yuko uani kwetu wenyewe, akituandalia chai.