Fanny Crosby, Mama wa "Usinipite Mwokozi"

Ni vigumu kupata kwaya hapa nchini ambayo haijaimba "Usinipite Mwokozi". Sisi tuliuimba hata kabla hatujashona sare. Katika jubilii hii tumeona vyema tumkumbuke aliyetunga maneno yake.

Frances Jane Crosby alizaliwa tarehe 24 Machi 1820 katika jimbo la New York, Marekani. Akiwa na majuma sita tu macho yake yaliugua. Mtu aliyejidai daktari akayawekea dawa ya moto, na jamaa waliamini kwamba hiyo ndiyo iliyompofusha. Mwaka uo huo baba akafariki, na mama akaenda kufanya kazi katika nyumba za watu. Nyanya yake ndiye aliyemweleza mtoto rangi za ndege na maua, na kumfundisha Biblia hadi akashika vitabu vizima kwa moyo.

Yule mtu wa dawa, Fanny hakumwekea kinyongo. Alipokuwa mzee alisema kwamba kama angekutana naye, angemshukuru. Wapendwa, hilo si neno jepesi.

Mwaka 1835 aliingia shule ya vipofu mjini New York, na baadaye akafundisha hapo hadi 1858. Kipindupindu kilipozuka 1849 wengi walikimbia mji. Yeye alibaki kuuguza wagonjwa. Aliolewa na Alexander van Alstyne, mpiga kinanda, kipofu kama yeye. Mtoto wao wa pekee alifariki angali mchanga.

Alitunga nyimbo zaidi ya 8,000. Wanaodhani utunzi ni mali wajue kwamba mara nyingi alilipwa dola moja au mbili kwa wimbo, na nyingi ya hizo aliwagawia maskini. Yeye na mumewe walikaa vyumba vya kupanga katika mitaa duni ya Manhattan.

Jioni alikwenda kwenye nyumba za misheni, akaketi na walevi na watu wasio na makao. Alikuwa na msimamo wake: usimwambie mtu kwamba ni mwenye dhambi, maana analijua tayari. Mwite kwa upole, msikilize, mshike mkono. (Wazee wa kanisa watatusamehe, lakini tunadhani hili lingefaa hata mlangoni petu siku ya Jumapili, kijana anapoingia akinuka pombe.)

Masika ya 1868 alikwenda kuzungumza gerezani. Mfungwa mmoja akapaza sauti akimsihi Bwana asimpite. Fanny alirudi nyumbani na kilio kile, na wimbo ukazaliwa.

Alifariki tarehe 12 Februari 1915 mjini Bridgeport, akiwa na miaka 94. Kaburini pake liliwekwa jiwe dogo. Halikutaja wingi wa nyimbo zake. Liliandikwa jina ambalo watu walizoea kumwita: Shangazi Fanny.