Muhammad Shamte na Hesabu ya Viti vya Zanzibar, 1957–1964

Muhammad Shamte Hamadi, mwalimu mstaafu wa Pemba, hakupata kuongoza chama kilichoshika hata nafasi ya pili kwa wingi wa kura. Hata hivyo, ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu wa Zanzibar siku ya uhuru, tarehe 10 Desemba 1963. Maisha yake ya siasa hayaelezeki pasipo kutenganisha kura na viti.

Katika uchaguzi wa Julai 1957, Shamte na Ali Sharif walivinyakua viti viwili vya Pemba kwa nguvu ya Jumuiya ya Washirazi, kisha wakajiunga na Afro-Shirazi. Mwishoni mwa 1959 walijitoa pamoja na Ameri Tajo wa Unguja, wakaunda ZPPP, chama kilichoitaja Pemba bayana katika jina lake. Vyama vikubwa viwili havikufanya hivyo, na jambo hili si dogo.

Uchaguzi wa Januari 1961 ulikipa Afro-Shirazi viti 10, Hizbu 9 na ZPPP 3. Jimbo la Chake Chake lilikwenda kwa Afro-Shirazi kwa kura moja tu. Hapo ZPPP ikapasuka: Ali Sharif alirejea Afro-Shirazi, Shamte na mwenzake wakaegemea Hizbu. Ikawa 11 kwa 11, na serikali isiundike.

Kiti cha 23 kiliongezwa, nacho kikawekwa Pemba. Mwezi Juni Afro-Shirazi ilipata karibu nusu ya kura zote, lakini viti 10 tu, sawa na Hizbu. Vitatu vya Shamte vikaamua. Afro-Shirazi ilidai kwamba udanganyifu ulifanyika, na ghasia zilizozuka Unguja ziliua watu 68, wengi wao Waarabu. Hizbu, ijapokuwa ilikuwa na viti zaidi ya mara tatu ya mshirika wake, ilimwachia Shamte uongozi wa serikali. Uamuzi huo haukuwa wa ukarimu: Ali Muhsin na wenzake walihitaji kiongozi Mshirazi ili kukanusha dai kwamba Hizbu ni chama cha Waarabu.

Julai 1963 hali ilijirudia kwa ukali zaidi. Afro-Shirazi ilipata takriban asilimia 54 ya kura na viti 13 kati ya 31, kwa kuwa wafuasi wake walirundikana katika majimbo machache. Hizbu ilipata 12, ZPPP 6. Shamte angeweza kuunda serikali ya umoja wa kitaifa, lakini alishikamana na Hizbu, wakati ambapo Babu alikwisha kuihama na kuunda Umma.

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliiangusha serikali yake ikiwa na umri wa mwezi mmoja tangu uhuru, naye akatiwa kizuizini pamoja na mawaziri wake. Zanzibar haikupiga tena kura ya vyama vingi hadi Oktoba 1995.