Bibi Kate Sheppard na Haki ya Kura

Siku ya uchaguzi wanaume na wanawake husimama katika mstari mmoja, wala hakuna anayeshangaa. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Nchi ya kwanza yenye kujitawala iliyowapa wanawake wote haki ya kuwachagua wabunge ni New Zealand, mwaka 1893, na aliyeongoza kazi hiyo ni mama mmoja mwenye subira nyingi, Bibi Kate Sheppard.

Alizaliwa Liverpool, Uingereza, yapata mwaka 1848. Baba yake alifariki Kate akiwa bado msichana, na mwaka 1869 alihamia mji wa Christchurch, New Zealand, pamoja na mama yake na ndugu zake. Miaka miwili baadaye aliolewa na Bwana Walter Sheppard, mfanyabiashara, wakajaliwa mtoto mmoja wa kiume.

Katika nchi ile haki ya kura ilikuwa ikipanuka hatua kwa hatua. Kwanza walichagua wanaume wenye mali tu. Mwaka 1867 wanaume wa Kimaori, wenyeji wa visiwa hivyo, walipewa viti vinne bungeni, na mwaka 1879 wanaume wote wazima wakaruhusiwa kupiga kura. Wanawake waliachwa nje.

Mwaka 1885 Bibi Sheppard alijiunga na umoja wa wanawake Wakristo waliopinga ulevi, kwa kuwa pombe ilikuwa ikiharibu nyumba nyingi. Akina mama hao waliliomba Bunge lizuie watoto kuuziwa pombe, lakini ombi lao halikusikilizwa. Hapo walielewa kwamba mbunge hana haja ya kumwogopa mtu asiye na kura. Mwaka 1887 Bibi Sheppard akakabidhiwa kazi ya kuitafuta haki hiyo.

Silaha yake ilikuwa kalamu. Aliandika vijitabu na barua, akawatuma wenzake nyumba kwa nyumba kukusanya sahihi. Haba na haba hujaza kibaba. Mwaka 1891 zilipatikana sahihi zaidi ya 9,000, mwaka 1892 karibu 20,000, na mwaka 1893 karibu 32,000. Karatasi za ombi kubwa la mwaka huo zilibandikwa moja baada ya nyingine mpaka zikafika urefu wa zaidi ya mita 270, zikakunjwa kuzunguka kipande cha mpini wa ufagio. Mbunge Sir John Hall aliukunjua mzigo huo ndani ya Bunge, wote wakaona.

Wauza pombe walipinga kwa nguvu. Hata Waziri Mkuu Richard Seddon alijaribu kumgeuza mjumbe mmoja wa Baraza la Juu. Wapinzani wawili wa mswada walichukizwa na ujanja huo, wakaupigia kura ya ndiyo. Mswada ukapita kwa kura 20 dhidi ya 18, na tarehe 19 Septemba, 1893, Gavana akautia sahihi. Wanawake wa Kimaori nao walihesabiwa katika haki hiyo. Katika uchaguzi wa mwaka huo wanawake zaidi ya 90,000 walipiga kura.

Lakini kazi haikuisha. Wanawake hawakuruhusiwa kugombea ubunge hadi mwaka 1919, na wa kwanza kushinda, Elizabeth McCombs, aliingia Bungeni mwaka 1933. Bibi Sheppard aliishi kuiona siku hiyo, ingawa uzee wake ulikuwa wa majonzi: alikuwa amekwisha kumzika mwanawe, mume wake, mume wake wa pili, na mjukuu wake wa pekee. Alifariki Christchurch tarehe 13 Julai, 1934. Leo sura yake imo katika noti ya dola 10 ya nchi ile.

Ndugu msomaji, sheria ile ilivuka kwa kura mbili tu. Basi asiwepo wa kusema kwamba kura yake moja, au sahihi yake moja, haina kazi.