Simba wa Witu: Maisha ya Sultani Ahmed na Ufalme Uliodumu Muda Mfupi

Maji ya mto Ruiru huelekea bonde la Athi, na yale ya mto Thika, baada ya kupokea Chania, hujiunga na Tana. Anayefuata njia hii ya pili hadi mwisho hufika Kipini, mahali ambapo Tana huingia baharini. Nyuma ya Kipini, bara kidogo, upo mji wa Witu, ambao katika karne ya 19 ulikuwa makao makuu ya ufalme wa Waswahili. Makala haya yanasimulia maisha ya mwasisi wake, Sultani Ahmed bin Fumo Luti, aliyejulikana zaidi kwa lakabu ya Simba.

Ahmed alikuwa wa ukoo wa Wanabahani, waliotawala Pate kwa karne kadhaa. Kufikia utu uzima wake, enzi hiyo ilikuwa imedhoofika. Baada ya Pate kushindwa katika vita vya Shela, takribani mwaka 1812, Waomani waliimarisha mamlaka yao Lamu na hatimaye visiwa vyote jirani. Chini ya Sayyid Majid, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1856 hadi 1870, Wanabahani walitakiwa kutii au kuondoka. Ahmed alichagua kuondoka. Alivuka bara, akakaa Kau kando ya mto Ozi, na mwanzoni mwa miaka ya 1860 akaweka makao Witu, ambako msitu mnene ulikuwa ngome bora kuliko ukuta wa mawe.

Ufalme huo mpya ulikua kutokana na watu waliokosa pa kukimbilia. Walikuja Waswahili waliogombana na maliwali wa Zanzibar, na wakaja watoro, yaani watumwa waliotoroka mashamba ya pwani. Wote walipewa ardhi ya kulima, nao wakawa askari wa Simba. Hata hivyo, ni vyema tusimpambe Sultani kupita kiasi. Witu haikuwa nchi isiyo na utumwa. Wakuu wake walimiliki watumwa, na mashambulizi ya watu wake yaliwatia hofu wenye mashamba wa pwani. Kilichowaunganisha wakaazi wake ni kukataa kutawaliwa na Zanzibar.

Simba alitambua kwamba msitu peke yake haungemlinda milele. Mnamo 1867, msafiri Mjerumani Richard Brenner alipomtembelea, alimwomba amtafutie ulinzi wa Prussia. Ombi hilo halikuzaa matunda wakati huo. Miaka kumi na minane baadaye walikuja ndugu wawili, Clemens na Gustav Denhardt. Tarehe 8 Aprili 1885 Simba aliwakabidhi sehemu ya ardhi yake, na mwezi wa Mei mwaka huohuo Ujerumani ikatangaza himaya yake juu ya Witu. Sayyid Barghash wa Zanzibar alipinga, lakini mnamo Agosti manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya mji wake, naye akalazimika kukubali. Mwaka uliofuata, Uingereza na Ujerumani ziliafikiana kwamba pwani kuanzia Kipini hadi kaskazini mwa Ghuba ya Manda iwe ya Witu.

Kwa mtazamo wa siku hizo, mkimbizi wa Pate alikuwa ameshinda. Dola iliyomfukuza ilikuwa imenyamazishwa bila yeye kufyatua risasi. Wajerumani waliiita nchi yake Suaheliland, yaani nchi ya Waswahili, jambo ambalo wanafunzi wa Kiswahili wanapaswa kulikumbuka. Simba alifariki mwishoni mwa miaka ya 1880, akiamini bila shaka kwamba amewaachia warithi wake mlinzi wa kutegemewa. Kiti kilirithiwa na Fumo Bakari.

Tarehe 1 Julai 1890, Ujerumani na Uingereza zilitia saini mkataba mwingine. Ujerumani ilipata kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini. Miongoni mwa mambo iliyoyaachia Uingereza ni himaya ya Witu. Fumo Bakari hakushirikishwa katika mapatano hayo. Mnamo Septemba, Mjerumani aliyeitwa Küntzel na wenzake kadhaa waliuawa Witu baada ya ugomvi na watu wa Sultani. Uingereza, mlinzi mpya, ilimtuma Admirali Fremantle, na mwishoni mwa Oktoba 1890 mji wa Witu ukateketezwa kwa moto. Fumo Bakari alikimbilia msituni, akafariki mapema mwaka 1891. Ndugu yake Fumo Omari aliendeleza mapambano kutoka ngome za Pumwani na Jongeni, nazo zikavunjwa na Waingereza mwaka 1893. Masultani waliofuata walikaa kitini kwa idhini ya serikali ya kikoloni.

Tangu Simba kuingia msituni hadi mji wake kuchomwa ilipita miaka thelathini hivi. Je, alikosea kutia saini? Ni rahisi kumlaumu sisi tunaojua mwisho wa kisa. Yeye alimwona adui mmoja tu, Zanzibar, na dhidi ya adui huyo hesabu yake ilikuwa sahihi. Asichokiona ni kwamba himaya aliyoomba ilikuwa mali ya aliyeitoa, naye angeweza kuibadilisha kwa kitu kingine wakati wowote. Watoro waliojenga Witu waliilinda kwa sababu hawakuwa na kwao kwingine. Mlinzi wa ng'ambo alikuwa na kwao. Wahenga walinena kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini. Simba alitegemea cha asiyekuwa nduguye, na umaskini huo ukamfika mrithi wake.